Taa ya Mlango

…waya, sema waya, neno fupi hilo, nani atabisha, waya za nchi hii hukatika kila uchao, kima wanabembea juu yake, watu wanaziiba wakategee kanga, na aliyemtilia neno hilo mdomoni ni Bwana Eusebio mwenyewe, mkuu wa kituo, kalamu kaishika juu ya daftari, "Ndugu Maftaha, ile Jumatatu ilikuwa hitilafu ya waya, sivyo?", sivyo, sivyo, na Maftaha amesimama mbele ya ubao wa taa, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa namba, macho kwenye ile taa nyekundu iliyoandikwa Mlango, ambayo leo imezimika, maana jana Mikaeli fundi alipanda kilimani akaufunga huo mlango kwa mkono wake, baada ya kuuondoa mwili wa mlinzi Likwata kizingitini… "nyoka, bwana, kifutu," Mikaeli bado anasimulia, vumbi la Njinjo kwenye nyusi, "kamgonga kisigino, mguu umevimba mpaka pajani, na mkono wake nimeukuta ungali kwenye komeo," komeo, basi nyamaza wewe, tumekusikia, mara ngapi utalitaja komeo… kila kibanda cha mitambo ya simu kule porini kina taa zake hapa Kilwa Masoko, ya umeme, ya joto, ya mlango, mlango ukifunguka huko huku kengele inalia, na kazi ya Maftaha, kazi iliyompa suruali ya kaki na heshima ya msikitini, ni kuibonyeza kengele inyamaze, kutazama saa, kuandika, basi, mtoto wa darasa la pili angeiweza, lakini mtoto wa darasa la pili asingekuwa mtani wa Likwata, Mngindo yule, na yeye Mmwera, watani tangu babu za babu zao, na mlinzi wa kilimani hapewi simu, simu ni ya mafundi, imefungiwa kufuli, ndipo Likwata aliposhuka mjini Idi iliyopita, akala pilau ya watu akashiba, akasema, "We Mmwera mla panya, nimeipata simu yangu, mlango! Nikiufungua mara moja nabisha hodi, mara mbili nimeshakula, wewe shinda na njaa yako," na Maftaha akacheka mpaka akapaliwa, na tangu siku ile kila asubuhi hodi, kila mchana nimeshakula, na kwenye daftari la serikali zote hizo zinaitwa Majaribio, Majaribio, Majaribio, mwandiko mzuri, wino wa buluu… na Jumatatu saa tatu asubuhi ililia, ikalia tena, ikalia, akahesabu mpaka tisa akachoka, akasema peke yake kwa sauti, hata aibu hakuona, "Leo Mngindo kaamkia uraka," si msimu wa mabibo huu, kila mtu analewa uraka, akaikata kengele kabisa, akaandika Majaribio, akanywa chai, ee Mola, chai na mhogo wa kuchoma, taa inawaka inazimika, inawaka inazimika, mpaka alasiri, ndipo ikawaka isizimike tena, naye akasema mpumbavu huyo, kalala mlango wazi.

Saa saba nzima. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, sawa, lakini wao walijua wapi mambo ya kengele… na mbona hakupiga yowe, anauliza Bwana Eusebio, mbona asipige yowe watu waje, watu gani, Bwana mkubwa, watu gani, chini ya kile kilima palikuwa na kaya kumi na nane, yowe moja tu wangepanda na panga na dawa, mwezi wa saba zikaja lori za Operesheni, wakapakiwa na kuku wao, wapelekwe kijiji cha ujamaa Njinjo wakapate bomba la maji, bomba lenyewe mpaka leo halina maji, nyumba zikaezuliwa nyuma yao ili wasirudi, akaachwa mlinzi peke yake kwa kuwa mitambo ni mali ya umma na mali ya umma haihamishwi, hivyo duniani kote sikio alilobakiwa nalo Likwata lilikuwa moja, la Maftaha, na Maftaha alilizima kwa kidole… "Nitaandika hivi," anasema Bwana Eusebio, kwa upole, upole unaokirihisha, "waya ulikuwa mbovu, na mlinzi hakutoa taarifa yoyote. Tutapona sote, ndugu yangu," hakutoa taarifa, Likwata, aliyetoa taarifa tangu saa tatu mpaka saa kumi, akijikokota na mguu uliovimba kama gogo, fungua, funga, fungua, hodi mtani, hodi, hodi jamani… na bintiye yuko hapo kwenye ubaraza, Sada, amekuja na Landrova ya Mikaeli, kajitanda kaniki, "Shikamoo baba," na yeye akaitika marahaba, ulimi huu ulikubali vipi kusema marahaba, binti akasema amekuja kumchukua mtani wa marehemu aende kwenye matanga, watu wanamngoja, kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili, "Tunashukuru sana, baba. Hakufa peke yake. Alikuwa anazungumza na wewe kwa ule mlango wenu. Je, alikuaga?"

Alikuaga, lahaula, alikuaga… basi atakwenda, atamwambia huko huko mbele ya watu, ndiyo, mbele ya watu wote, yaishe, asimame uani avae koti la marehemu, maana ndiyo desturi, mtani huvaa koti la marehemu, huiga alivyokuwa akitembea, hupora sufuria la wali, hupiga kelele nimemuua mimi, nirithisheni mjane, na wanawake hucheka machozi yangali yanawatoka, kila msiba husemwa hivyo, kila msiba, nimemuua mimi… na akisema kengele ililia nikaizima, alinililia saa saba nzima nami nakunywa chai, watacheka, Mungu wangu, watashika mbavu, Sada atasema jamani huyu mtani, watamtunza senti kwenye kofia, hakuna pa kusimama Njinjo nzima akaaminiwa, si uani, si makaburini, hata akilia watasema anajua kuigiza, ameharamishiwa ukweli kwa kabila lake, pamebaki mahali pamoja tu, hilo daftari, aliloliogopa tangu jana kama shimo la choo, lenye mistari na mhuri, ambamo hakuna Mmwera wala Mngindo, mna saa, mna taa, mna jina la aliyekuwa zamu, liandikwe humo, kengele ililia, mtu aliita, mimi nikaizima, lisomwe na mtu wa Dar asiyemjua yeyote, asiyecheka… "Ndugu Maftaha, nakungoja, waya, sivyo?", na kalamu bado iko juu, Mikaeli anajipangusa nyusi, huko ubarazani Sada anakohoa kidogo, na Maftaha anafumbua mdomo, maneno yako tayari kwenye ulimi, yote, kwa mpangilio, na hofu iliyomshika sasa si ya kufukuzwa kazi wala ya jela, bali ni kwamba Bwana Eusebio anaujua utani wao, amewasikia mara ngapi, na huenda naye akacheka.