Mabapa Kivulini

Mkewe alimbandika jina la Kiguu na Njia wiki ya kwanza ya ndoa, na majirani wakalidaka. Hata chai aliinywa amesimama, akiunguza ulimi kila siku kama vile ulimi wenyewe ni wa kuazima.

Bwana mifugo alipowaletea mabapa ya dungusi kakati lisilo na miiba, vile vipande vyake vinene kama viganja, wapande walishie ng'ombe kiangazi, Kiguu na Njia hakungoja hata mzigo ushushwe. Alikwenda mbio kunoa jembe. Aliporudi alikuta mabapa arobaini yamepangwa kivulini.

"Yaacheni wiki mbili," bwana mifugo alisema. "Pale yalipokatwa pakauke kabisa ndipo mpande. Na maji msiyape kwanza. Mkiharakisha, yataoza."

"Hilo tu?" Kiguu na Njia akacheka.

Siku ya kwanza aliyageuza mara tano. Ya pili aliyabonyeza jeraha kwa kidole, bado yanateleza. Ya tatu alimtazama ng'ombe wao, mmoja tu na mwenye mimba, mbavu zinahesabika, na moyo ukaanza kumwenda mbio. Mwaka jana walikuwa na watatu. Majani yalipokwisha, mkewe alimsihi wangoje siku chache, wingu lilikuwa limeanza kujikusanya. Yeye akasikia fununu za malisho ng'ambo ya mlima, akawaswaga wawili alfajiri. Walimfia njiani. Kesho yake mvua ikanyesha.

Basi mkewe alipokwenda kisimani, alishika jembe. Mama wa watu kurudi, mabapa yote yako ardhini na mume anayamwagilia kwa kopo.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Nimewahi."

Mkewe alitua ndoo, akaingia ndani.

Siku ya kumi na mbili shamba lilinuka. Aling'oa bapa la kwanza, likamvunjikia mkononi, uji mtupu. La pili vivyo hivyo. Aling'oa yote arobaini, kisha akakaa chini kwenye udongo na kulia, mtu mzima na ndevu zake.

Mkewe akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jiko. Akafunua gunia. Chini yake mabapa ishirini, majeraha yamekauka, meupe.

"Nilimwomba bwana mifugo ayashushie huku, ulipokimbilia jembe," alisema. "Nakujua."

Aibu ilimpanda ikageuka hasira.

"Kwa hiyo mimi mtoto, wa kufichwa vitu? Mbona wale ng'ombe hukunificha?"

Mkewe alilirudisha gunia polepole.

"Wale sikuwa na pa kuwaficha."

Kiguu na Njia alisimama pale muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama popote. Kisha akaliendea jembe, akamkabidhi mkewe.

"Lifungie ndani hizo siku mbili zilizobaki," alisema. "Na ufunguo usinioneshe."