Picha ya Mto Iliyokataa Kukauka

Asubuhi ile Mama Giza alitundika picha tano kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, akafungua madirisha ya studio, akaenda kunywa chai. Aliporudi, nne zilikuwa zimekauka. Ya tano, ile ya mto, ilikuwa inatona. Akaipangusa kwa kitambaa, akaigeuza, akaipangusa na mgongoni. Ikaendelea kutona.

“Dada, hukuikamua,” alisema mdogo wake bila kuinua macho kwenye kompyuta.

“Picha haikamuliwi. Siyo kaptula yako.”

Studio waliachiwa na baba yao, wakaigawana kama watoto wanaogombea kitanda. Yeye alikaa nyuma, kwenye chumba cha giza, na karai zake za dawa na taa yake nyekundu. Mdogo wake, Bwana Rangi, alikaa mbele dirishani na printa ya wino iliyokoroma kuliko marehemu baba. Picha ya mto waliiuza wote wawili. Mama Giza ndiye aliyeipiga, kwa filamu, kabla kiwanda cha soda hakijaugeuza mto mzima ukaingia ndani ya ukuta wake. Aliisafisha kwa mkono, nyeusi na nyeupe. Bwana Rangi aliiskani, akaitia rangi hadi maji yakawa ya bluu, anga la bluu, na mawe nayo yakaambukizwa. Za bluu zilinunuliwa. Za Mama Giza zilisifiwa.

Kufika mchana sakafuni palikuwa na dimbwi. Jirani yao, fundi wa cherehani, mjane aliyenunua maji ya mkokoteni tangu mto ukauke, aliingia kuchukua picha za pasipoti, akateleza, akainuka, akatoka. Akarudi na ndoo, akaitega chini ya picha.

“Naomba yanayodondoka tu, jirani,” akasema. “Mto wenyewe sitaugusa.”

Wiki haikuisha, foleni ikafika kona. Maji yalikuwa ya kijivu, yenye kaharufu ka dawa, lakini yalichemka kama maji mengine. Nguo zilizofuliwa kwayo zilitoka nyeusi na nyeupe. Watoto walioogeshwa walifanana na babu zao hadi jioni, kisha rangi ikawarudia. Mara moja moja ndooni alikutwa samaki, naye kijivu. Paka wa fundi alimtazama, akaenda zake. Waliolalamika walilalamikia wanaochomekea foleni. Wenye utani walisema maji yakimwagika hayazoleki, ila ya Mama Giza.

Mwenyewe roho ilimuuma kidogo. Miaka yote alitamani watu wajipange mbele ya picha yake, na sasa wamejipanga, wote wanatazama chini.

Bwana Rangi naye wivu ulimshika. Alitega beseni chini ya picha ya bluu kuanzia asubuhi hadi jioni, akaielekezea hata feni. Alipata nzi.

Kisha meneja wa kiwanda akaja mwenyewe, kwa adabu, kofia mkononi. Akaisifia picha: mwanga, kivuli, ule ukungu wa mbali. Alikuwa wa kwanza kuisifia tangu ianze kutona, na Mama Giza akajikuta anamvutia kiti.

“Tatizo ni maji, mama,” meneja akasema. “Mto tulipewa sisi. Mto wote.”

“Huu niliupiga kabla hamjaja.”

“Ndiyo. Na umekaa nao muda wote huo, hatujakudai.”

Bomba la kiwanda lilifungwa kwenye picha mchana uleule. Mafundi wa kiwanda walikuwa wapole. Walivua viatu wasichafue sakafu, wakaazima msumari, wakatoboa pembe ya chini ya picha, wakalipitisha bomba dirishani hadi kiwandani. Wenye ndoo waliinamisha vichwa ili lipite. Fundi wa cherehani alisimama mbele ya kiongozi wa mafundi, mikono kiunoni.

“Na sisi?”

“Soda zitashuka bei, mama.”

Hazikushuka.

Mama Giza alijifungia chumba cha giza. Filamu si anayo? Atasafisha mto mwingine, na mwingine tena, tuone mabomba watayatoa wapi. Akaizamisha karatasi kwenye dawa, akalitikisa karai polepole chini ya taa nyekundu. Kwanza zilijitokeza kingo, kisha kivuko cha mbao, kisha bomba. Lilikuwa limelala katikati ya mto, limenyooka, limetoka vizuri kuliko vyote. Chini yake mawe makavu. Alilia kidogo, kwa kuwa mle ndani haonekani mtu, kisha akaimalizia picha, kwa kuwa kazi ni kazi. Akaitundika.

Fundi wa cherehani aliitazama kwa muda mrefu.

“Imetoka vizuri, jirani,” akasema. Kisha akamgeukia Bwana Rangi dirishani. “Baba, nipe ile ya bluu. Nikaitundike juu ya pipa la maji.”

Bwana Rangi alimfungia picha bila kumtazama dada yake usoni.

Kesho yake picha mpya ilikuwa inamwaga mchanga. Laini, mkavu, ukishuka taratibu kama usio na haraka ya kufika. Mama Giza aliufagia, ukajaa tena. Kabla ya saa ya chai mwashi wa mtaa wa pili alikuwa mlangoni na koleo na toroli, anauliza kama unafaa kwa zege.

“Dada, na mchanga wamepewa?” Bwana Rangi akauliza.

“Bado hawajaja,” alisema Mama Giza, akasogeza kiti ili toroli lipite.