Muhannad wa Hawa

Bwana Wakil alifika Jumatano baada ya alasiri, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Katumwa na wazee wa ukoo walioko Maskati. Wao ndio wanaotia sahihi kwamba fulani ni damu yao au siyo. Jina la ukoo silitaji, wenyewe wapo. Mjukuu wangu Asila, anayefanya kazi hoteli ya Paje, siku ile alikuwa na mapumziko. Akaleta kahawa, vikombe vinagongana.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, baba. Za Maskati?"

"Njema. Joto tu."

Ntaieleza habari kama ilivyokuwa, ingawa mimi mwenyewe mpaka leo inanichanganya. Mwanangu Zahran, baba yake Asila, yuko Maskati mwaka wa ishirini huu. Mama wa mtoto, Shemsa, alifariki kwa uzazi, Zahran akaniachia Asila ana miaka sita. Kaomba uraia wa kule, kwa kuwa babu wa baba yake inasemekana alitoka huko. Kaambiwa akiondoka kabla ya jibu, faili linafungwa. Basi haondoki. Sasa kapata kisukari, mguu una kidonda, anajipikia kwa kuegemea gongo. Faili likikubaliwa, Asila anakwenda kukaa na baba yake. Lisipokubaliwa, hana njia ya kuhamia kule. Na lililobaki ni neno langu mimi, maana waliokuwa wakijua wote washakufa, na mimi hata si wa ukoo. Baba yangu Mnyamwezi, seremala. Mama yangu mtu wa Bwejuu. Niliolewa tu.

"Kuna karatasi yoyote ya zamani?" akauliza Wakil.

Marehemu mume wangu, Hamoud, hakuacha karatasi. Baada ya Mapinduzi karani alimuuliza kabila, akajibu "Mzanzibari", na jina la ukoo akaliacha pale pale mezani. Kilichopo nyumbani ni daftari la hitma. Mama mkwe wangu, Bi Bashira, ndiye aliyeliandika kwa herufi za Kiarabu, majina ya maiti wetu tunaowasomea kila Shaaban. Shule niliishia darasa la tatu, lakini herufi zile nazijua, za chuo cha Kurani. Nikampa.

Wakil akavaa miwani. "Hamoud wa Bashira. Mansour wa Mwanapili." Akafunua, akafunua tena. "Bi Mwanakheir, mbona baba zao hawamo?"

"Wamo humo humo. Na wao wameandikwa kwa mama zao."

"Wote?"

"Baba, kaburini mtu huitwa kwa mama yake. Si ndivo maiti anavosomewa talkini akizikwa? Basi nyumba hii na hitma tunaisoma hivo."

Asila akacheka, kisha akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Wakil akashuka na kidole. "Muhannad wa Hawa. Huyu ndiye baba yake Mansour? Babu yake Hamoud?"

"Ndiye."

"Huyo mama yake, Hawa, binti nani?"

"Hawa wa Adamu, mama yetu sote. Maiti asiyejulikana mama yake huandikwa hivo."

Akavua miwani. "Lahaula! Faili zima la Zahran limesimama juu ya mtu huyu, na mtu mwenyewe mtoto wa Hawa!"

"Hata wewe," nikamwambia.

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Si mtu mbaya yule. Kisha akainamisha kichwa, akasema polepole, "Nisameheni nyote wawili. Muhannad alikuja na jina la ukoo kutoka kwao, au alilikuta hapa, nyumbani kwa mabwana?"

Nilimfahamu. Asila naye alifahamu, akaacha kukusanya vikombe. Zamani mtu alinunuliwa, akaja akaachwa huru, na jina la nyumba aliyoitumikia likamfuata.

Sasa hapo ndipo pangu pagumu. Bi Bashira alinihadithia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa bibi harusi: Muhannad alishuka kutoka Arabuni, kijana hajaota ndevu, kabeba sufuria ya kupikia halua. Mara ya pili nina mimba ya Zahran, tunachambua mchele: Muhannad aliletwa mdogo kutoka bara, hata sura ya mama yake aliisahau, ndiyo maana jina lake hatuna. Nikamuuliza, "Mama, si ulisema alitoka Arabuni?" Akanambia, "Chambua mchele."

"Utaapa kwa Msahafu?" akauliza Wakil.

Asila ananitazama. Ana weusi wangu na pua ya Hamoud. Mtaani tangu mdogo wakimwita Mwarabu. Baba yake kule Maskati wanamwita Mzanzibari. Sijui watu hutazama nini.

"Nilisikia alitoka Arabuni," nikasema.

Wakil akaandika. Asila akashusha pumzi.

"Na nilisikia alitoka bara."

Kalamu ikasimama. "Ipi kweli?"

"Sijui, baba."

"Bibi!" Asila akapiga ukelele.

"Aliyenambia ni mtu mmoja, na hakuwa mwongo. Nikiapa kwa moja, ile nyengine niipeleke wapi?"

Wakil aliandika zote mbili. Baada ya wiki mbili akapiga simu, kwa adabu: wazee hawatatia sahihi. Asila akawa ananipa shikamoo na kupita. Zahran naye akapiga, uso umekonda kwenye kioo cha simu.

"Mama, ungeitaja moja tu."

"Ipi?"

"Wallahi hata mimi sijui," akasema. "Nishakata rufaa, siondoki bado."

Ijumaa ya hitma Asila aliomba ruhusa kazini akaja. Macho yangu hayawezi tena, yeye ndiye msomaji wa majina. Alipofika kwa Muhannad akasita, wanawake wote wakangoja. Kisha akasoma, "Muhannad wa Hawa," kwa sauti ile ile aliyowasomea maiti wengine.

Tulipokuwa tunaosha sinia akasema, "Bibi, nnakwenda kwa baba. Naomba viza ya matembezi, siku thelathini."

"Uingie mgeni? Kwa baba yako?"

"Mgeni. Ntamfunga kidonda siku thelathini, ntarudi, ntaomba tena."

Akafuta mikono, akafungua fomu kwenye simu. "Wanataka jina la mama."

"Hilo tunalo. Andika Shemsa."

Akaandika. Wakauliza uraia, akaandika Mtanzania, halafu akaniinulia uso kama mwanafunzi aliyekwisha kujibu na hajui kapata au kakosa.

Nikamtazama. Mimi nami sijui.