Kaye ya Mashimo Thelathini na Moja

Mji wetu una moto wa aina mbili, na mama yangu alinifundisha namna ya kuupokea kila mmoja. Mlima ukilipuka, beba karatasi zako. Waasi wakiingia, zichome. Hakuwa mtu wa vitabu, alikuwa anauza samaki soko la Kituku. Lakini mwaka 1996 kaka yake, mjomba wangu Yusufu, alisimamishwa kwenye kizuizi akiwa na kadi ya chama cha utawala wa zamani mfukoni, na hatukuletewa hata viatu vyake. Mwaka 2002 lava ikameza nyumba yetu pamoja na diploma yangu, nikahangaika miaka minne kuwathibitishia watu wa serikali kwamba nilisoma. Basi somo lile lilituingia vizuri.

Naitwa Mwanaheri. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa sekreteri wa utafiti katika kitivo cha tiba cha chuo kikuu kimoja hapa Goma. Kazi yangu ni kutunza maombi ya ufadhili. Madaktari wana mawazo, mimi nina tarehe za mwisho. Nawafukuzia saini, nawatafutia mihuri na barua ya kamati ya maadili, nazikata kurasa zao kumi na tano zibaki kumi, maana mfadhili aliyeko Ulaya hana macho ya kusoma ya kumi na moja. Mwaka 2021 mlima ulipolipuka tena na mji ukaamriwa kuondoka, nilipakia mafaili yote kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikalipa mtu aisukume, nikatembea nyuma yake mpaka Sake. Profesa Rémy, mkuu wa idara, alinisifu mbele ya kikao kizima. Nguo za watoto wangu nilizisahau nyumbani, lakini hilo halikuandikwa kwenye muhtasari.

Ombi la mwisho nililolishika lilikuwa la mazuku. Hapa kila mtu anayajua: hewa nzito isiyo na rangi, inatoka chini ya mawe ya volkano na kutuama kwenye mashimo. Mtu mzima akipita, pua yake iko juu, anasikia kizunguzungu tu. Mtoto akiinama kuokota kuni humo, analala, na haamki tena. Upande wa magharibi, ukipita Keshero, kambi ya wakimbizi wa vita ilikuwa imejengwa juu ya mawe hayo, kwa sababu ardhi nzuri ina wenyewe.

Dancille aliishi katika kambi hiyo. Ni muuguzi, alikimbia Masisi na koti lake jeupe na watoto wawili. Kwa mwaka mmoja alikuwa amehesabu watoto saba waliokufa kwa mazuku, akachoka kuhesabu. Alifunga mshumaa kwenye ncha ya fimbo ndefu, akawa anauteremsha katika kila shimo kuzunguka kambi. Ukizimika, anaandika. Kazi hiyo ilimchukua miezi minne, na matokeo yake yalikuwa kaye moja, daftari la shule lenye mistari ya miraba: mashimo thelathini na moja, kila moja na namba yake, hatua ngapi kutoka choo gani, na vipimo vya ramani alivyosomewa na simu ya kuazima. Alituletea mwenyewe, imefungwa ndani ya nailoni.

Profesa Rémy aliisoma akiwa amesimama. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na ombi zuri kuliko yote niliyowahi kupiga chapa: tutahesabu vifo kwa miezi sita, kisha tutaweka alama na uzio kwenye mashimo, kisha tutahesabu tena. Tarehe ya mwisho ilikuwa tarehe thelathini na moja Januari 2025.

Kabla ya Noeli Dancille akarudi ofisini.

"Mama Mwanaheri, munipatie tu fotokopi ya kaye yangu," alisema. "Niko na bidon ya rangi nyekundu kwa tente. Batu ya kambi banaweza kunisaidia, tunapaka mawe yote juma hii hii."

Profesa alikuwa mlangoni. Alimjibu kwa upole, na huo upole ndio unaoniudhi mpaka leo.

"Mama Dancille, tukipaka sasa, tutapima nini? Mufadhili ataniuliza, mbele ya kupaka ilikuwa namna gani? Tuvumilie miezi sita. Nyuma ya pale tunapata feza ya uzio na oksijeni kwa kambi muzima."

"Miezi sita ni batoto ngapi, Profesa?"

Profesa akanitazama mimi. Mashine ya fotokopi ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti changu, umeme ulikuwepo, karatasi zilikuwepo. Nikamwambia Dancille kwamba kanuni ya idara hairuhusu data za asili kutoka ofisini. Nilisema kwa ile sauti yangu ya kazini ambayo hata watoto wangu hawaipendi. Kisha nikaiweka kaye kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo, nikajiona mtu mwaminifu sana.

Wiki ya mwisho ya Januari umeme ulikatika, mizinga ikasikika upande wa Sake. Nilibeba dosie ya mazuku, na kaye ndani yake, mpaka nyumbani kwangu Mabanga ili niimalizie huko, nikiamini kama mjinga kwamba vita itaheshimu tarehe ya mfadhili. Jumatatu waasi walikuwa mjini. Jumanne wakaanza kupekua nyumba za mtaa wetu, wakitafuta wanajeshi waliojificha. Jirani alipita mbio akisema wako nyumba ya nne.

Niliifungua ile kaye kwa macho ya mtu mwenye bunduki. Namba. Vipimo vya ramani. Mishale. Mchoro wa kambi, na nukta thelathini na moja zimeizunguka. Kwa daktari yalikuwa mashimo, lakini kwa askari yangeonekana mahali pa kutupia mabomu. Nani angenisikiliza nikieleza habari za mshumaa na fimbo? Nilimwona mjomba Yusufu. Nilimsikia mama yangu, ambaye alikufa miaka tisa iliyopita, akiniambia nifanye haraka. Kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kulikuwa na sufuria ya maharage. Nikaichana kaye ukurasa kwa ukurasa, nikaisukuma chini ya sufuria.

Waliingia vijana watatu. Walitazama chini ya vitanda, wakachukua simu yangu, wakaondoka. Juu ya meza walikuta kurasa zote za ombi, nakala tatu, zenye mihuri. Hakuna aliyezigusa. Hakuna aliyeuliza habari ya karatasi hata kidogo. Jioni tulikula yale maharage, tulikuwa na njaa.

Februari kambi iliamriwa kuvunjwa. Mahema yaling'olewa, vyoo vikabomolewa, watu wakaambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao hakuna ukuta uliobaki umesimama. Wasio na pa kwenda walijibanza kwenye mawe, pembeni ya palipokuwa kambi. Profesa Rémy alikuwa ameshavuka mpaka. Simu mpya niliyoazima ilipopata mtandao, ujumbe wake ulikuwa wa kwanza kuingia: mfadhili ametuhurumia, ameongeza muda mpaka mwisho wa Machi, anataka kiambatisho cha mashimo. Nikamwandikia ukweli. Kesho yake akajibu: "Sema waasi waliichoma. Kila mtu ataamini."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mwaka ule, Goma, ilikuwa ndefu na imetiwa lami. Nilifurahi kupewa njia hiyo, nakiri.

Dancille alikuja siku ya Alhamisi, asubuhi, nikiwa peke yangu ofisini. Alikuwa amekonda. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha, nikashtuka, kumbe ni rangi.

"Batoto babili ya Eugénie bamekufa," alisema kabla hajaketi. "Jirani yangu wa tente. Olivier na mudogo wake. Balienda kuokota kuni. Ni shimo namba kumi na saba."

Aibu yangu kubwa ni hii, na sijamwambia mtu mwingine: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni jedwali la pili la ombi letu, pale ambapo saba sasa ingekuwa tisa.

"Nilikuwa najua iko pale karibu," Dancille aliendelea. "Lakini nilihesabia hatua kutoka kwa choo, na choo balishabomoa. Majani imeota. Nilitafuta na buji yangu kwa fimbo siku tatu, sikuiona. Batoto ndio baliiona. Ile kumi na saba nilishaipaka rangi. Sasa munipatie kaye yangu, Mama. Haki ya Mungu, leo sitoki hapa bila kaye. Imebaki mashimo thelathini."

Ulimi wangu ulikuwa na maneno mawili tayari, ya kweli na ya Profesa. Nilimtazama vidole. Nilimwogopa kuliko nilivyowaogopa wale vijana watatu.

"Waasi waliingia kwangu," nikasema. "Waliichoma."

Hakulia. Aliinamisha kichwa, mimi nikapanga upya kalamu zilizokuwa zimepangwa. Halafu akanyoosha ule mkono mwekundu juu ya meza, akaushika wangu.

"Pole, Mama. Weye pia balikuonea." Aliufinya mkono wangu. "Tuombe. Weye ni muislamu, miye ni mukristo, Mungu ni mumoja. Itikia tu."

Akafumba macho.

"Mungu, ule mutu alichoma kaye yangu, unamujua. Usimuue. Umupatie maisha murefu. Lakini kila siku akiweka chakula kwa moto, umuonyeshe Olivier na mudogo wake benye kulala ndani ya shimo."

Akasubiri, vidole vyake bado vimenishika. Nje mtu alikuwa anafagia ua.

"Amina," nikasema.