Firigisi ya Baba Angel

Mume wangu Raphaeli alipofika miaka hamsini na mbili alitangaza kwamba anajitafuta. Neno hilo alilipata kwa vijana wa bodaboda, akaliingiza nyumbani kwangu pamoja na jinzi iliyochanika magotini. Akapaka kanta kichwani mpaka na shingo ikawa nyeusi, kisha akaniambia ametumikia watu maisha yake yote na sasa anahitaji kukaa mbali apate kuwaza.

Mbali kwenyewe ni Nakonde, upande wa Zambia. Kutoka kwetu Tunduma mpaka Nakonde, ukianza kutafuna muwa nyumbani, unavuka mpaka hujaumaliza. Alihama nchi na begi la shule la mwanetu Angel, na huko ughaibuni akafikia kwa shangazi yake, chumba cha nyuma, karibu na banda la bata. Meza yangu ya vitenge iko njiani, hivyo nilimwona kila jioni akivuka kuja kula chapati upande wa Tanzania, amevaa miwani ya jua, akiwasalimia wateja wangu kwa Kibemba, "mulishani", kana kwamba hawakumjua tangu alipokuwa wakala wa forodha anayegombana na madereva wa malori.

Nililia, nisidanganye. Nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa mapenzi, maana akina mama wa kwaya walikuja kunipa pole kwa zamu na kila mmoja akaondoka na umbea wa kutosha. Baadaye machozi yakakauka, nikaanza kulala katikati ya kitanda.

Msimu wa mvua ukapita. Shangazi alipochoka kumpikia, Raphaeli akatuma ujumbe kwa baba yangu mkubwa, Mzee Nikodemo, kwamba sasa amejipata na anataka kurudi. Kikao cha wazee kikapangwa kwangu, Jumamosi saa nne asubuhi. Wote walinishauri nimpokee, na moyoni nilikuwa nimeshakubali, kwa sababu sikuona mwanamke wa umri wangu ataanzia wapi. Nikachinja jogoo, nikavaa gauni la bluu analolipenda, lile linalonibana kwapani, na firigisi nikamwekea kwenye kibakuli chake. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu niolewe nimepika kuku wasio na idadi na sijawahi kuionja.

Saa nne ikafika na wazee wakafika, Raphaeli hakufika. Baba mkubwa akasali sala ndefu ya kuvuta muda, nayo ikaisha. Akaniuliza, kwa kuwa tunasubiri tu, tangu huyu mtu aondoke nimepungukiwa nini hasa. Alitaka jibu la kumlainishia mambo Raphaeli. Nikafikiri kwa uaminifu kabisa, nikakuta nilichokosa ni mtu wa kumsingizia chumvi ikizidi kwenye mboga. Kicheko kikanitoka. Nilicheka mpaka mshono wa kwapani ukaachia, na hewa iliyoingia pale ilikuwa tamu. Wazee wakaona uchungu umenipanda kichwani, wakanituma nikapakue chakula kabla hakijapoa.

Jikoni nikakitazama kile kibakuli. Nikaila firigisi nimesimama, kwa vidole. Ilikuwa ngumu, ladha yake kuku tu kama kuku mwingine. Yaani hicho ndicho wanaume walichokuwa wanatunyima miaka yote hiyo, na sisi tunawapigia magoti tukiwanawisha. Hata hivyo niliitafuna taratibu na vidole nikavilamba.

Wazee walikuwa wameshaanza kuchokonoa meno Raphaeli alipoingia, anatabasamu, anajisifu kwamba amefika kwa wakati. Akanyoosha mkono tuione saa yake mpya. Ilisema saa nne kamili. Baba mkubwa akamuuliza swali ambalo Tunduma hata mtoto analijua, maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima.

"Ya wapi?"

Raphaeli akaitazama ile saa. Mtu aliyezeekea mpakani, aliyewacheka wageni wasiohesabika kwa kosa hilo hilo, akavuta mkono wa shati akaifunika. Wazee wakaangalia pembeni ili wasicheke.

Nikamletea maji, nikamnawisha nimesimama. Alilitambua hilo, nikaona, ila njaa ilimshinda. Akavuta sahani, akageuza paja, akainua shingo, akakoroga mchuzi wote na kijiko.

"Mama Angel, firigisi iko wapi?"

"Nimeila."

Akamgeukia baba mkubwa amsaidie. Baba mkubwa alikuwa ameinama anatafuta kofia yake.

"Ungekuja saa nne ya huku," nikamwambia, "ungeikuta, na mimi ungenikuta nimekubali. Kula ushibe, Baba Angel, shangazi asisumbuke kukupikia tena jioni."

Akala.