Mraba wa Sentimita Kumi

"Zipu imefunga!" nilipiga kelele, na kigelegele juu. Mtoto wa dada yangu, bibi harusi wa siku kumi na moja zijazo, alijitazama kwenye kioo, akatabasamu, halafu akaanguka chini puu!

Mama yangu wee! Tulimlaza juu ya majora ya vitambaa, dada akamnywesha maji ya sukari.

"Hajala tangu juzi," dada akasema bila kunitazama. "Wiki mbili sasa anajinyima. Tangu ulipomwambia ananenepa."

Nilisema, sikatai. Mimi nimekuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita, na mdomo wangu hauna breki. Gauni lilipogoma kufunga mara ya kwanza nilimwambia, "Mwanangu, harusi ni yako, siyo ya tumbo lako." Mara ya pili nikamwambia ageuke nihesabu mikunjo ya mgongo. Kumpima upya? Thubutu! Mimi huwa sikosei.

Sasa nikamfungua zipu apumue. Mbavu zilionekana moja moja. Nikazungusha tepu kiunoni kwake: sitini na tatu. Nikafungua daftari la vipimo: sitini na nane. Nikapima tena: sitini na tatu ile ile. Gauni la sitini na nane lingemning'inia. Hili lilikuwa limembana.

Siku hizi michoro ya nguo naichora kwenye kompyuta yangu ya Linux, naichapa vipande vipande, kisha naunga kwa gundi. Kila mchoro una mraba wa sentimita kumi pembeni, wa kuhakiki kipimo. Sikuwahi kuupima hata siku moja. Nikaupima: tisa na milimita tatu.

Nikakumbuka. Mwezi uliopita printa ilikuwa inakata mistari ya ukingoni, maana haiwezi kuchapa hadi mwisho wa karatasi. Nikahangaika, nikaweka alama penye "punguza itoshe ukurasa", mistari yote ikatokea, nikajisifu kutwa. Sasa nikafungua tena mipangilio ile ile ya kuchapa. Programu ilisema A4. Printa ilisema Leta, karatasi fupi ambayo hata sina. Gauni la mtoto wa watu lilibanwa liingie humo! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikaweka A4 kote, asilimia mia, nikaacha nafasi tupu kuzunguka kila kipande kwenye mchoro wenyewe. Nikachapa. Kumi kamili.

Nikampigia magoti. "Mwanangu, hukunenepa hata kidogo. Mashine ilipunguza mchoro, na mimi sikupima. Nisamehe."

"Kweli, mama mdogo?"

"Kweli kabisa."

Dada akampa sahani ya wali. Akala vijiko viwili, akaisukuma. "Inatosha," akasema. "Zipu isije ikakataa."

Nikachukua mkasi mkubwa, nikalikata lile gauni mbele ya macho yake, kuanzia kiunoni hadi chini. Dada akapiga yowe.

"Kula," nikamwambia, machozi yananitoka. "Nashona lingine, la sitini na nane. Ukija na sitini na tatu, halitakukaa."