Namba ya Shangazi Hasina

Katika ukoo wa Nasriya, kila fomu yenye nafasi ya namba ya jamaa wa karibu ilijazwa namba moja tu: ya Shangazi Hasina wa mji wa Sib. Fomu za shule, za hospitali, za pasipoti. Hakuna aliyemwomba ruhusa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kudhani kwamba ruhusa inahitajika. Shangazi alikuwa mtu wa kupokea simu. Kwa hiyo Nasriya alipochukua kadi ya mkopo ya duka kubwa la samani, kalamu yake iliiandika namba ile kwa mazoea, kama mtu anavyofunga kifungo cha shingoni bila kukitazama.

Kadi ilimletea makochi ya mahameli ya kijani, kwa ajili ya siku ya posa ya binti yake, Malak. Miezi miwili alilipa. Mitatu iliyofuata hakulipa, na duka lilipoanza kumpigia, aliizuia namba yao isiingie kwenye simu yake. Simu ikanyamaza. Naye, mkuu wa kitengo katika ofisi ya serikali, aliyezoea kuwakaripia walio chini yake kwa barua zisizojibiwa, akajiaminisha kuwa ukimya ule ni subira ya duka.

Jumanne moja alikwenda kulipa mwezi mmoja kati ya ile mitatu, ili kadi ifunguliwe apate mapazia ya kufanana na makochi. Mezani alimkuta binti mwenye beji iliyoandikwa Ibtihal, ambaye aliposikia lafudhi yake alikiacha Kiarabu papo hapo.

"Karibu, mama. Kiswahili chetu ni cha Bujumbura, lakini tutasikilizana."

"Tutasikilizana, mwanangu. Nataka kulipa, na hii kadi ifunguke."

Ibtihal akapokea fedha, akasoma kwenye kompyuta, kisha akasita. "Mama, deni hili lina mtu mwingine. Kuna bibi anaitwa Hasina. Tulipokukosa wewe, tukampigia yeye. Kila Jumanne baada ya alasiri wenzangu wanampigia."

"Kumwuliza mimi niko wapi?"

"Mara ya kwanza, ndiyo. Akasema wewe huhusiki. Makochi alichukua yeye, jina lako alilitumia tu, basi asisumbuliwe mtoto wa kaka yake." Binti alishusha sauti. "Na mwezi uliopita alikuja mwenyewe kuomba mashine ya kufulia, alipe kidogo kidogo. Tukamnyima. Mtu aliyekiri deni hapewi."

Uso wa Nasriya ukawaka. Siku ya posa Shangazi alikaa kwenye kochi la kati, kiganja kikiipapasa mahameli, akiwahimiza wageni: "Kaeni, kaeni vyema. Mwanangu huyu hanunui kitu cha ovyo." Kisha simu ikalia mkobani mwake, akatoka nayo nje ya sebule. Aliporudi, Nasriya alimtania mbele ya watu wote: "Shangazi, umepata mchumba?" Watu wakacheka, na Shangazi akacheka nao. "Fundi bomba," alisema. Nayo ilikuwa Jumanne.

"Lifute jina lake," Nasriya alisema.

"Siwezi hapa mezani. Alikiri kwa simu yake, na simu zinarekodiwa. Litafutika mkizungumza nyote wawili kwa simu ileile, wewe na yeye."

Mapazia hakuyauliza tena. Aliendesha gari moja kwa moja hadi Sib, akipanga njiani maneno ya kuomba radhi, na jambo alilolitaka zaidi ni kuyasema faragha, kabla simu haijalia.

Alichelewa. Sebuleni kwa Shangazi alikuwapo Bi Muhsina, mama wa kijana aliyemposa Malak, amekuja kushauriana juu ya siku ya harusi.

"Shikamoo, Shangazi. Bi Muhsina, hujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawajika hivyo? Njoo unywe kahawa."

Vidole vya Shangazi vilivyoshika birika vilikuwa vimechubuka na kuwa vyeupe ncha kwa sabuni. Mwezi uliopita Nasriya aliviona, akauliza, akajibiwa, "Mashine imekufa. Nnafua kwa mkono, nnanyoosha viungo." Naye aliridhika na jibu hilo.

Simu ikalia.

"Fundi wangu huyo," Shangazi alisema, akiinuka kwa goti lake bovu.

"Lete, Shangazi."

"Wacha, mwanangu. Wacha, nnakwambia!"

Nasriya aliichukua mkononi mwa Shangazi. Angeweza kuikata. Angeweza pia kumwachia Shangazi atoke nayo nje, na Bi Muhsina asingejua kitu. Akaipokea palepale alipokaa, akasema kwa Kiarabu, polepole, kama anayesomewa shitaka na kulirudia: jina lake kamili, namba ya kadi, na kwamba makochi alichukua yeye, na miezi ambayo haijalipwa ni yake, na Hasina hadaiwi hata baisa.

Sauti ya upande wa pili ikataka Hasina athibitishe. Nasriya akamsogezea simu mdomoni. Shangazi akaibana midomo, akamtazama Bi Muhsina, akamtazama Nasriya.

"Sema, Shangazi. Nakuomba."

"Ndiyo," alisema Shangazi kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo ya mtu anayemshitaki mwanawe. "Ni lake."

Simu ilipokatika, Bi Muhsina aliuliza, "Yale ya kijani?"

"Yale yale."

"Mie yalinipendeza," alisema Bi Muhsina kwa upole, na upole ule ukamchoma Nasriya kuliko ambavyo angechomwa na dharau. Mgeni akakitikisa kikombe chake kuonyesha ametosheka, akaaga. La siku ya harusi hakuligusa tena.

Shangazi alingoja hadi mlango ufungwe. "Miezi mitatu nnakusitiri, Nasriya. Nnadanganya watu, na sala zangu na umri huu. Leo umenitia maneno mdomoni nikuseme mbele ya mkweo."

"Nisamehe, Shangazi. Mashine nita..."

"Usininunulie kitu. Umesikia? Usininunulie kitu mpaka umalize deni la watu." Kisha akalishika birika. "Kaa. Hujanywa."

Akammiminia. Nasriya akanywa, akarudisha kikombe bila kukitikisa, na Shangazi akamiminia tena. Uani maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye nguo zilizokamuliwa kwa mikono isiyo na nguvu ya kukamua. Cha tatu, cha nne. Kahawa ilikwishamtosha tangu cha kwanza, lakini kukitikisa hakuthubutu.